Ujumbe wa Saa Kumi na Mbili Asubuhi

Chanika, Dar es Salaam
4 Agosti 2024

Kaka Marselino,

Shikamoo. Juu ya bahasha nimeandika Bruda Anselmo kama mlivyoagiza, barua isije ikapotelea huko monasterini, lakini humu ndani utabaki kuwa Marselino, na usinune. Sie ni wazima. Shangazi Filomena goti limetulia, sasa anapika mwenyewe na kunisema mwenyewe. Anauliza kama wanovisi mnapewa nyama au ni maharage mwaka mzima. Kaburi la mama nimelipalilia Jumamosi, na mgomba uliopanda nyuma ya bafu umetoa mkungu wa kwanza.

Haya, sasa nisikilize. Wenye chumba cha mitambo kule mjini wametupa notisi. Wanakifunga, na ikifika tarehe 31 Desemba kila mteja awe ameshaondoa seva yake. Kwa upande mwingine afadhali, maana seva yetu imechoka na Upenuni, hili jukwaa letu la mtandaoni, imekuwa kubwa kuliko ulivyoiacha. Kuanzia saa nne asubuhi, watu wakishafika maofisini na kuziweka kando kazi za waajiri wao, ukurasa mmoja unachukua nusu dakika kufunguka, na matusi yote nayapokea mimi. Nimeshapata seva mpya, ina nguvu mara nane ya hii. Kilichobaki ni kuhamisha kila kitu: miaka kumi na tatu ya maneno ya watu, picha zao, ugomvi wao, na Uzi wa Damu.

Huo uzi ndio unaoninyima raha. Unakumbuka niliuanzisha wiki tatu baada ya kumzika mama, kwa hasira tu, kwa sababu tulizunguka mji mzima kutafuta O hasi na tukachelewa. Sasa una watu elfu moja na mia sita, kila mmoja na kundi lake la damu, mtaa wake na namba ya simu. Haipiti wiki bila mtu kupiga kelele pale na kupata msaada. Ukipotea, sina namna ya kuwakusanya tena.

Ninachoshukuru ni nakala zako. Ule mfumo uliouandika, unaokaa kwenye mashine yake ndogo, wa kunakili Upenuni yote kila alfajiri na kuiweka kwenye diski ya pembeni, haujakosa hata siku moja. Saa kumi na mbili kamili simu inalia: "Nakala safi. Amkeni salama." Tangu wakunyang'anye simu mwezi wa kwanza, hiyo ndiyo sauti yako tuliyobaki nayo hapa nyumbani. Ikilia, namwambia shangazi, "Kaka ameamka."

Niandikie hatua za kuhama, moja baada ya nyingine. Wewe ndiye uliyeijenga.

Mdogo wako,
Anjelina

*

Monasterini
25 Agosti 2024, Jumapili

Mpendwa Anjelina,

Marahaba. Barua yako imenikuta salama, tukiwa tunavuna mbaazi. Mwambie shangazi nyama tunapata Jumapili na sikukuu, na maharage ya huku ni matamu kuliko anavyodhani. Nimefurahi kusikia habari za mgomba.

Nikueleze kwanza utaratibu wa hapa ili usikasirike nikichelewa. Barua zetu tunapewa na kuandika Jumapili ya mwisho ya mwezi. Mlezi wetu, Padre Apolinari, huzisoma, zinazoingia na zinazotoka. Wakati wa Kwaresima na Majilio hakuna barua kabisa, haziingii wala hazitoki, mpaka sikukuu yenyewe ipite.

Kuhusu kuhama: tangaza siku mapema. Siku hiyo funga uandishi, watu wasome tu. Hamisha picha kwanza kwa sababu ni nyingi, kisha maneno. Usiruke toleo lolote la programu unapoipandisha. Ni ya zamani mno, ukiruka moja itakugomea. Yule msaidizi wako, Salumu wa Temeke, akae mjini penye mashine, wewe uongoze kazi ukiwa nyumbani.

Ila mimi naona haraka ya nini? Mwezi wa pili naweka nadhiri zangu za kwanza, na baada ya hapo tunapewa wiki mbili za kwenda kusalimia nyumbani. Nisubiri. Nitaifanya mwenyewe.

Niombeeni.

Bruda Anselmo

*

Chanika
15 Septemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Tumeingiwa na mafua nyumba nzima, lakini yamepita. Shangazi kachekea yale maharage.

Kaka, umeisoma barua yangu au ulikuwa unasinzia kwenye mbaazi? Nilikuandikia tarehe 31 Desemba. Mwezi wa pili ile seva itakuwa imewekwa kwenye kiroba nje ya mlango. Sikuhitaji mtu wa kuifanya mwenyewe, nilihitaji hatua, na hatua nashukuru umenipa. Lakini juu ya nakala hukuandika hata neno moja. Nikikwama katikati, nazirudishaje? Nianzie wapi? Ndilo nililotaka kulisikia kutoka kwako.

Halafu kuna jipya, na si zuri. Seva ina diski mbili zinazobeba mambo yale yale, moja ikifa nyingine inaendelea. Jumatatu Salumu amepita pale akakuta taa nyekundu. Moja imekufa. Alinipigia akiwa bado amesimama mbele yake. "Sista, tumebaki na mguu mmoja," akasema. "Na huu mguu wenyewe unalia kriii, kriii. Mie nisingeukanyaga sana."

Diski za aina hiyo hazipatikani tena. Kwa hiyo ninaye mgonjwa ambaye lazima nimbebe, na sitaki kumbeba mara mbili.

Nijibu kuhusu nakala.

Anjelina

*

Monasterini
29 Septemba 2024

Mpendwa Anjelina,

Poleni na mafua. Barua yako ilifika Alhamisi, nimepewa leo baada ya misa. Wiki hii tumechimba mtaro wa maji kutoka kisimani hadi jikoni, mikono imetoka malengelenge, lakini moyo ni mzima.

Nimesikitika kuhusu diski. Ushauri wangu ni huu: kabla ya kugusa chochote, chukua nakala mpya ya kila kitu kwa mkono wako mwenyewe, uiweke kwenye diski nyingine kabisa. Usiutegemee ule mfumo wangu. Mfumo umezeeka. Ni utaratibu mzuri tu wa kazi, usiniulize zaidi.

Tunasali kwa ajili yenu kila jioni.

Bruda Anselmo

*

Chanika
20 Oktoba 2024

Kaka Marselino,

Shikamoo. Sie hatujambo, mvua za vuli zimechungulia na kurudi zilikotoka. Shangazi kaenda Newala kwenye arobaini ya mzee Anselmo, wajina wako mpya.

Ushauri wako nimeujadili na Salumu, na hauwezekani. Kuchukua nakala nzima kwa mkono ni kuisoma ile diski mbovu mwanzo hadi mwisho. Kuhama nako ni kuisoma mwanzo hadi mwisho. Salumu ameisikiliza tena, anasema itavumilia safari moja, safari mbili hapana. Sasa kwa nini niichoshe diski kwa kuchukua kitu ambacho ninacho tayari kila asubuhi? Nimehesabu, hakuna siku ujumbe umekosa kuja. Mfumo wako haujazeeka, kaka, wewe ndiye unayejifanya mzee.

Nimepanga tarehe 9 Desemba, Sikukuu ya Uhuru, kuanzia saa mbili asubuhi. Wateja wetu wengi huingia wakiwa kazini, kwa hiyo siku za mapumziko Upenuni inapoa. Tutaisoma diski mara moja tu, na ikitukatikia njiani, tunarudi kwenye nakala ya alfajiri ile ile. Tutakuwa tumepoteza saa mbili za soga, basi.

Kama kuna ubaya kwenye mpango huu, niambie mwezi huu au ujao. Nasikia kuna kitu unazungukazunguka. Nimekulia nyuma yako, nakujua ukizunguka.

Anjelina

*

Monasterini
27 Oktoba 2024

Mpendwa Anjelina,

Salamu. Leo sikupata barua yako, nadhani iko njiani. Huku mvua imeanza na tumepanda mahindi. Bruda mmoja ameumwa na nyoka akiwa anakata majani, sasa anaendelea vizuri.

Nimeanza ukurasa wa pili mara tatu na kuuchana mara tatu. Padre Apolinari ameona karatasi kwenye ndoo, akaniuliza kama nina shida nyumbani. Nikamjibu sina.

Usihame kabla hujapata barua yangu nyingine, tafadhali.

Bruda Anselmo

*

Monasterini
24 Novemba 2024, Sikukuu ya Kristo Mfalme

Anjelina mdogo wangu,

Leo sitaanza na mahindi. Nimeipata barua yako ya tarehe 20 Oktoba na nimeona tarehe uliyopanga.

Nakala hazipo.

Tarehe 12 Mei 2022 diski ya pembeni ilijaa. Siku hiyo nilikuwa hospitali, nimekaa pembeni ya kitanda cha mama, wewe ukiwa unazunguka kutafuta damu. Mfumo ulishindwa kunakili na ukaanza kunitumia ujumbe wa hatari, kila dakika tano, mchana kutwa. Simu ililia mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akageukia ukutani. Mama akafumbua macho, akaniambia, "Nyamazisha hilo lidude, mwanangu, tulale kidogo."

Nikalinyamazisha. Nilifungua mfumo kwa simu ile ile nikabadilisha mstari mmoja, kwamba liwalo na liwe, utume ujumbe mmoja tu asubuhi, useme nakala safi. Nilijiambia nitarekebisha kesho. Mama akalala. Nami nikalala, nimeegemeza kichwa kwenye godoro lake. Kesho yake saa tatu asubuhi, ulipokuwa unarudi kutoka Temeke na yule mwalimu aliyekubali kutoa damu, mama alikuwa ameshaondoka.

Baada ya mazishi nilijua. Kila asubuhi nilijua. Lakini kuugusa ule mstari ilikuwa ni kurudi kwenye kile kitanda, nikawa naahirisha, halafu ukaanza kuusifu ule ujumbe, na kadiri ulivyousifu ndivyo nilivyozidi kushindwa kukwambia. Niliingia huku nikiwa na siri hiyo. Nilipokwambia unisubiri mwezi wa pili, nilitaka nije nilifunike kimya kimya. Uliponiuliza moja kwa moja, nilikupa nusu ya ukweli, na hiyo nusu ndiyo iliyokupeleka kwenye hatari. Naona aibu mpaka mwili unauma.

Yale maneno ya mama ndiyo ya mwisho aliyosema. Uliniuliza siku ya matanga kama alisema kitu, nikakwambia hapana. Nisamehe na hilo.

Padre ameisoma barua hii mbele yangu. Majilio yanaanza Jumapili ijayo na posta inaweza kuchukua wiki tatu, kwa hiyo nimempigia magoti atumie simu. Amekubali kukupigia na kukutumia ujumbe mwenyewe. Anasema si haki kosa la mtu kuandikwa kwenye simu ya nyumba, ila atakusihi upige na mimi nitaitwa kuongea.

Chukua nakala hata kama ni ya Uzi wa Damu peke yake. Usianze bila hiyo.

Marselino

*

Chanika
1 Desemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Najua Majilio yameanza na hutaisoma hii mpaka Krismasi, lakini nina kiherehere, na nikiwa na kiherehere naandika.

Barua yako nyingine uliyoniahidi haijafika. Nimeulizia posta mara mbili. Siwezi kungoja zaidi, seva mpya iko tayari, tangazo nimeshaliweka, na watu wamenijazia utani kwamba tarehe 9 nchi itarudi ukoloni. Shangazi amesharudi kutoka Newala na mzigo wa korosho.

Matapeli nao wamechachamaa mwisho huu wa mwaka. Jumatano namba nisiyoijua ilinipigia mara nne nikiwa kwenye kikao na Salumu, sikupokea. Halafu ukaja ujumbe: "Anjelina, mimi ni Padre. Ndugu yako ana shida kubwa. Piga namba hii haraka kabla ya tarehe 9." Unaona walivyofika? Mwezi uliopita jirani yetu aliambiwa mwanawe yuko mahabusu, akatuma kila alichokuwa nacho, kumbe mtoto yuko chumbani amelala. Hii ya kwangu imeniudhi zaidi kwa sababu mtu amesoma tangazo la Upenuni akapata na tarehe. Nimemjibu, "Tapeli mkubwa wewe, padre wa nani?" Kisha nikaifungia namba.

Salumu ameshaomba ruhusa ya kuingia chumba cha mitambo. Tarehe 9 saa mbili tunaanza. Nakala ya alfajiri ikishaingia tu, tunafungua kazi.

Anjelina

*

Chanika
11 Desemba 2024

Marselino,

Picha zilivuka zote. Tukaanza maneno. Saa nne na dakika ishirini Salumu akasema kwenye simu, "Sista, imenyamaza." Ile diski ilikuwa imesimama, na faili lililokuwa linavuka limekatika katikati, halifunguki.

Nikamwambia asijali, tunayo nakala. Nilisema hivyo, na sauti yangu ilikuwa imetulia kabisa.

Nikafungua ya alfajiri. Ukubwa wake, sifuri. Ya jana yake, sifuri. Nikaenda nyuma mwezi, nikaenda nyuma mwaka. Mafaili zaidi ya mia tisa, kila moja lina jina na tarehe yake nzuri, na ndani hamna kitu. Ya mwisho yenye kitu ndani ni ya tarehe 11 Mei 2022. Najua ni wiki gani hiyo. Uzi wa Damu ulikuwa haujazaliwa.

Leo Salumu ameipeleka diski kwa fundi anayefungua diski zilizokufa, naye ameitingisha kidogo tu akamrudishia.

Na jana, seva ikiwa imekufa, hakuna hata neno moja la kunakili, saa kumi na mbili simu yangu ililia: "Nakala safi. Amkeni salama." Shangazi akaniambia kaka ameamka. Niliitupa simu ukutani.

Ulijua?

Anjelina

*

Monasterini
29 Desemba 2024

Anjelina,

Nimepewa barua zako mbili leo, ya tarehe 1 na ya tarehe 11, kwa pamoja. Nilizisoma nimesimama, ya pili nikaimalizia nimekaa chini.

Nilijua. Barua yangu ya Novemba bila shaka imeshakufikia, na humo nimekueleza yote. Yule tapeli alikuwa Padre Apolinari. Ana miaka sabini na mbili, alipanda kilima cha nyuma ya kanisa mara nne kutafuta mtandao. Jibu lako alinionyesha.

Nimekwenda kwake leo kumwambia kilichotokea. Ameniuliza kama naweza kuweka nadhiri mwezi wa pili nikiwa na jambo hili kifuani. Nimemjibu siwezi. Zimesogezwa hadi Agosti, na kama nitazistahili hata hiyo Agosti ataamua yeye na wenzake. Kwa sasa amenipa kazi ya kupiga kengele ya alfajiri. Nikichelewa, nyumba nzima inachelewa, na wote wanajua ni mimi.

Sikuombi uniandikie. Naomba tu kujua ni watu wangapi wametafuta damu na hawakupata.

Marselino

*

Chanika
2 Februari 2025

Kaka Marselino,

Shikamoo. Sie ni wazima. Shangazi goti limemrudia. Leo ndiyo ingekuwa siku ya nadhiri zako, tulikuwa tumeshashona sare.

Barua yako ya Novemba niliipata tarehe 17 Desemba. Nilikuchukia, sitakuficha. Nilikuchukia Krismasi nzima, na nikienda kaburini nilikuwa namshtaki mama juu yako. Kila nikifika kwenye maneno yake nilikuwa naishiwa mashtaka. Miaka miwili na nusu nimekuwa nikijiuliza kama aliniita. Kumbe alitaka kulala kidogo. Ungeniambia siku ile ya matanga, kaka, nisingejitesa hivyo. Hilo limeniuma kuliko seva.

Sasa jibu la swali lako. Tarehe 12 Desemba Upenuni ilikuwa imefunguka kwenye seva mpya, ikiwa na mambo yaliyoishia Mei 2022 na tangazo langu juu kabisa. Niliandika tumepoteza miaka miwili na nusu, kosa ni letu, nakala tulizowaahidi hazikuwepo. Saa tano asubuhi mwanamume mmoja wa Bunju akaandika chini yake: mke wangu amejifungua, anatoka damu, O hasi, uzi uko wapi? Nilitazama lile swali, na sikuwa na jina hata moja la kumpa.

Baada ya dakika kumi simu ikalia. Namba siijui. Safari hii nilipokea. "We dada, mie Mwanaasha, nauza mchele Tandale sokoni," akasema. "Namba za O hasi mie ninazo. Andika." Kumbe yule mama, kwa kuwa bando lake huisha katikati ya mwezi, tangu mwanzo alikuwa ananakili uzi wetu kwenye kaunta buku, ili mtu akimfuata gengeni na shida amsaidie hata akiwa hana bando. Ameandika kwa kalamu, kundi kwa kundi, mtaa kwa mtaa, na aliyehama au kufariki amemkata kwa mstari mmoja. Mke wa yule bwana alipata chupa mbili kabla ya saa nane. Yupo, na mtoto yupo.

Nilikaa gengeni kwa Mwanaasha siku tatu, juu ya gunia, nikaandika majina yote upya. Yalikuwa elfu moja na mia moja na thelathini na saba. Mengine mia nne na zaidi hayajarudi. Wawili, kwa ninavyojua, walikuja wiki hizo wakitafuta O hasi, na wachache wa daftarini walikuwa wameshatoa au hawapatikani. Mmoja alipata kwingine. Wa pili ni baba yake mtu, mzee Kamugisha wa Tandale, na hakupata, akafariki. Umeniuliza, nimekujibu. Usiku ule sikula, na wewe sasa utakuwa nalo kama mimi.

Rambirambi za mama nazo zimepotea. Zile kurasa arobaini na moja ambazo watu wasiotujua walituandikia. Hakuna aliyezinakili. Shangazi alikuwa akiniomba nimsomee kila mwezi wa tano.

Padre Apolinari nimempigia, namba nimeifungulia. Nilimwomba radhi kwa kumwita tapeli. Alicheka, akasema wakati wa ujenzi wa kanisa aliwahi kuitwa vibaya zaidi. Akaniambia kengele unapiga vizuri, ila jina lako watu wameacha kukuita Anselmo, kwa sababu hugeuki. Nitakuja Agosti, kama watakukubali, na wasipokukubali nitakuja vilevile nikuchukue.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, nchi nzima iliingia Upenuni kwa pamoja, na seva mpya haikutetereka. Salumu alicheza mbele ya mashine peke yake.

La mwisho. Ule mstari wako nimeufuta. Sasa mfumo ukimaliza kunakili, unafungua nakala yenyewe, unahesabu kilichomo, ndipo unasema. Wiki tatu ulisema safi, na kila siku nilihakikisha kwa macho yangu kwa sababu sikuuamini. Leo asubuhi, saa kumi na mbili, umelia: "Nakala imeshindikana. Diski imejaa."

Niliusoma mara mbili nikiwa kitandani. Sijui kama utanielewa, lakini nilifurahi. Nikavaa kandambili nikaenda kwenye meza kuondoa mafaili ya zamani. Shangazi akaniuliza toka chumbani kwake kuna nini asubuhi yote hii.

Nikamwambia, "Kaka ameamka."

Mdogo wako,
Anjelina